Kazi Iko Mkiani

Hasani wa Malolo alikuwa na sauti nzuri, na kama wengi waliojaliwa sauti nzuri, hakujua kunyamaza. Watu walipoalikana kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo na wenzake wakaitikia. Ukimtangulia kuanzisha ananuna, na jembe lake linakuwa zito ghafla. Mkewe, Mwanawetu, naye alikuwa mwanzishaji upande wa wanawake, tena hodari. Majirani walizoea kusema kwamba fahari wawili wamewekwa zizi moja na zizi bado limesimama. Kwa kweli walipendana sana. Shida yao ilikuwa moja tu: hawakuwa na shamba. Walilala kwenye chumba cha uani kwa baba yake Hasani, na walilima pale walipoonyeshwa.

Huyo baba, Mzee Abdulatifu, alikuwa na shamba zuri la ufuta, na katikati ya shamba hilo palikuwa na kisiki cha mninga. Mti wenyewe uliangushwa na babu yake mzee, kisiki kikabaki. Walikichoma moto, kikawa cheusi tu. Walikichimba, majembe yakavunjika. Mwishowe ukoo mzima ukajifunza kukizunguka, wakapanda ufuta kwa mviringo, wakasahau kwamba mistari iliyonyooka ni jambo linalowezekana.

Basi siku moja, gulioni Ruangwa, mbele ya watu wanaouza na wanaonunua, Hasani akamwomba baba yake ampe shamba lile. Ombi la namna hiyo huombwa nyumbani, kwa sauti ya chini, baada ya kula. Lakini nimeshasema, Hasani alikuwa hajui kunyamaza.

"Shamba lile lina mwenyewe," alisema Mzee Abdulatifu. Kiswahili alikitumia sokoni tu na alipokasirika. Nyumbani alisema Kimwera. "Kisiki ndiye mwenyewe. Babu alikizunguka. Baba alikizunguka. Mimi nakizunguka. Na wewe utakizunguka."

"Mimi sikizunguki, Baba. Nitakwenda Nachingwea, nijifunze tingatinga, nirudi nalo nikaking'oe."

Watu wakacheka. Wakati huo Wazungu walikuwa wameingia Nachingwea na mradi wao wa karanga, wanafyeka msitu kwa mitambo, na mchana kutwa miti ilianguka huko. Vijana wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi, lakini kuendesha tingatinga lilikuwa jambo jingine.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema mzee. "Haya. Ukiking'oa, shamba lako. Usipoking'oa, rudi ushike jembe lako, na nisisikie tena sauti yako shambani. Waache wenzako waanzishe."

Hasani akakubali papo hapo. Mwanawetu, aliyekuwa amesimama pembeni na kikapu chake cha mihogo, alifumba macho akamwomba Mungu subira.

*

Nachingwea alipokelewa, kwa sababu alikuwa na mwili wa kazi na uso usioogopa. Mwalimu wake alikuwa Mzungu aliyewahi kuendesha vifaru vitani. Vijana walimwita Bwana Soksi, maana soksi zake zilipanda hadi chini ya magoti na kaptula ikaishia juu ya magoti, na hapo katikati palibaki ngozi nyekundu iliyochomwa na jua. Hakuwa mtu mbaya. Ila Kiswahili chake kilikuwa maneno ya salamu na chakula, na kazi yote aliifundisha kwa Kiingereza, kwa kupiga kelele.

Siku ya kwanza alionyesha tingatinga akasema, "Get up on to it!" Mwenzao mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu akapanda, wengine wakaona, nao wakapanda. Hasani akaliweka neno kichwani vizuri kabisa: get maana yake panda. Siku ya pili Bwana Soksi alimkuta Hasani amekaa kitini na injini inatoa moshi mbaya. Akapiga kelele ashuke, "Get down off it!" Hasani akasikia get. Alikuwa ameshapanda, lakini hakutaka kubishana na mkubwa, akapanda zaidi. Akasimama juu ya bomba la moshi.

Usimcheke. Sisi tukisema panda, umepanda. Tukisema shuka, umeshuka. Tukisema rudi, toka, ingia, jambo limekwisha kwenye neno lenyewe. Anayekusikiliza anaweza kuanza kazi kabla hujamaliza kusema. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye hutanguliza neno moja lisilo na uso, halafu nyuma yake hufunga vijineno viwili vitatu vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vinavyosema kama unapanda, unashuka, unatoka au unapondwa.

Saburi wa Ruponda, rafiki yake Hasani pale kambini, alikuwa amesoma kidogo. Alijaribu kumsaidia kwa kuvipa vijineno hivyo maana kimoja kimoja. "Hiki, up, ni juu," akasema, "hiki, out, ni nje, na hiki, of, ni cha."

"Juu nje cha?" akauliza Hasani. "Ndiyo nini sasa?"

Saburi akafikiri. "Hapo ndipo na mimi waliponiacha," akasema.

Wiki hazikupita nyingi, yakaja makubwa. Bwana Soksi alimwamuru arudishe tingatinga nyuma hadi kando ya ghala. Hasani alisikia go, na go alilijua vizuri. Akaenda mbele. Akapita juu ya ua wa jiko, akaliangusha pipa kubwa la maji ya kupozea injini, na sufuria ya maharage ya kambi nzima ikaonekana chini ya mnyororo wa tingatinga, imekuwa bapa. Watu walilala na njaa, na hakuna mtu anayechukiwa kama aliyemwaga maharage ya wenzake.

Kupitia kwa karani, Bwana Soksi alimpa neno la mwisho. Angekuwa na jaribio moja baada ya mapumziko ya mwezi. Akikosea, anapelekwa kwenye kundi la kung'oa visiki vidogo kwa jembe na shoka.

Hasani aliondoka Nachingwea kwa lori la mkaa, amekaa juu ya magunia, kimya. Kung'oa visiki kwa jembe!

*

Alifika Malolo akakuta majirani wamealikwa kulima shamba la shangazi yake. Hakuwa na hamu, lakini akashika jembe akaingia mstarini. Alipofungua kinywa kuanzisha, Mwanawetu akamwahi.

"Leo hapana," alisema, na wanawake wakaanza kucheka. "Wewe mgeni. Leo naanzisha mimi, wewe unaitikia."

"Mimi?"

"Wewe, mume wangu. Au huko Nachingwea wamekukata masikio?"

Akaitikia. Tena vibaya, sijapata kusikia! Mwanawetu akitupa neno la kwanza tu, Hasani amekwishashusha jembe. Wenzake majembe yako juu, lake liko chini. Yao yanashuka, lake linapanda. Mstari mzima ukapinda, na jirani mmoja alikaribia kukatwa kidole cha mguu. Mwanawetu akasimamisha wimbo, akajifuta jasho, akamtazama mumewe kwa hasira na huruma pamoja.

"Hasani, unasikiliza kichwa cha wimbo. Kichwa ni changu. Nakibadili nipendavyo: leo nataja mvua, kesho namtaja mkwe, keshokutwa natukana kunguru. Hakuna jembe linaloshuka kwa kichwa. Kazi iko mkiani. Wacha kichwa kipite, udake mkia."

Hasani akabaki ameliinua jembe hewani.

"Sema tena," akamwambia.

"Udake mkia."

Akalitupa jembe chini, akapiga ukelele uliowarusha kunguru wote wa bonde lile. Get! Get ilikuwa kichwa! Bwana Soksi anakibadili apendavyo, leo get, kesho go, keshokutwa come, na yeye, mwanzishaji mkubwa wa Malolo, siku zote alikuwa anarukia kichwa cha wimbo wa mtu mwingine. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumfundisha kuitikia, kwa sababu hakuwahi kukubali kuitikia.

Jua halijapanda sana, Malolo wakawa wanalima kwa Kiingereza. Hasani alimpa mkewe vichwa na mikia yote aliyoikumbuka, kama ilivyokaa masikioni mwake, bila kuikata. Mwanawetu akaitia katika wimbo wa kulimia.

"Geti!" anatupa.

"Ap ontu!" wanadaka, na majembe yanakwenda juu.

"Geti!"

"Daun ofu!" Majembe yanashuka, udongo unapasuka.

"Geti!"

"Aut fromu anda!" Wote wanaruka nyuma hatua moja, wanacheka hadi machozi.

Ap ontu ni kupanda juu ya kitu. Daun ofu ni kukishuka. Aut fromu anda ni kutoka chini yake kabla hakijakuponda. Hakuna aliyeuliza juu ni ipi na cha ni ipi. Mkia ulikuja mzima, ukaingia mwilini mzima. Mzee Abdulatifu alikuwa amekaa pembezoni mwa shamba, akiuchonga mpini.

"Matusi gani hayo mnayotukana mchana?" aliuliza.

"Kiingereza, Baba," akajibu Mwanawetu kwa heshima zote.

Mzee akasonya. Lakini Mwanawetu aliona kuwa kisu chake kilikuwa kinakwenda sawasawa na wimbo, na akanyamaza, kwa kuwa yeye alijua kunyamaza.

*

Hasani alirudi Nachingwea na wimbo. Kambini, jioni wakisubiri ugali, akamfundisha Saburi, na Saburi, ambaye kila siku alikuwa anavimenya vijineno kimojakimoja, akauona ni mchezo, akaucheza hata hivyo. Na wengine wakaja. Wale wa maharage walichelewa kusamehe, lakini mwishowe nao waliitikia.

Siku ya jaribio, matingatinga mawili yalipewa mnyororo mrefu mmoja, huku moja, kule moja, ili yakienda sambamba mnyororo uikumbe miti iliyo katikati. Hasani aliendesha moja, Saburi jingine. Bwana Soksi alisimama juu ya kichuguu, filimbi mdomoni, na karibu naye lile pipa la maji, limebonyea lakini limejaa.

Walianza vizuri. Miti midogo ililala bila ubishi. Kisha mnyororo ukakumba mtondoro mkubwa, ukapanda juu ya shina, ukakwama. Mti ukalia, mizizi upande mmoja ikapasua ardhi, na kilele kikaanza kuinamia tingatinga la Saburi. Wote wawili wakasimamisha. Bwana Soksi akaitema filimbi.

"Never mind the chain! Get out from under it! Get out from under!"

Saburi alisikia neno moja alilolijua kwa kusoma: mnyororo. Akashuka, akaenda kuushika mnyororo. Akasimama pale pale kivulini mwa mti, ameinama, anafikiri.

Hasani hakufikiri. Mkia ulikuwa umemwingia. Alizima injini, akajaza kifua, na ile sauti iliyomponza gulioni ikatoka yote.

"Geti!"

Saburi, bila kuinua kichwa, akaitikia kwa mwili kama alivyoitikia kila jioni. "Aut fromu anda!" akasema, akaruka nyuma, akaruka tena, mara akili ikamfikia miguu ikiwa njiani, akatimua mbio. Mti ukaanguka. Kiti cha tingatinga, pale alipokuwa amekaa muda mfupi uliopita, kilikunjwa kikawa si kiti tena.

Hasani alimkimbilia wakakumbatiana. Saburi alikuwa anacheka, akisema, "Ningekufa na mnyororo mkononi, Hasani. Ningekufa nimeshika mnyororo." Hasani alilia waziwazi wala hakujifuta.

Ila mtondoro ule ulikuwa na pango, na pangoni mlikuwa na nyuki. Walitoka kwa hasira wanayostahili watu waliobomolewa nyumba, na katika uwanja mzima wakaona magoti mawili mekundu yaliyo wazi. Bwana Soksi alishuka kichuguu akipiga hewa kwa kofia, akazunguka huku, akazunguka kule, akilizunguka pipa bila kuliona.

"Bwana!" alinguruma Hasani. "Get down into it!"

Mkia huo alikuwa ameusikia siku walipofundishwa kusafisha tangi. Na Bwana Soksi, ambaye kwao mikia hiyo aliinyonya pamoja na maziwa, alitii kabla hajajua anamtii nani. Akaingia pipani, chubwi, ikabaki kofia inaelea. Hasani na wenzake wakawasha majani mabichi, moshi ukatanda, nyuki wakaenda kutafuta makao mengine. Hasani akasogea penye pipa, akaikohoa sauti ikae vizuri.

"Come up out of it, Bwana."

Bwana Soksi akainuka, maji yanachuruzika, mdomo umevimba upande. Kambi nzima ikarudi nyuma hatua moja, maana mtu huwezi kujua Mzungu aliyelowa atafanya nini. Kisha akaelekeza kidole kwenye tingatinga lililopona, na kwa mdomo ule uliovimba akatoa jaribio la mwisho: "Get back up on to it, and bring it round behind the store."

Kichwa kikapita. Hasani akadaka mkia, na mkia wa pili. Akarudi, akapanda, akaliwasha, akalizungusha polepole kando ya jiko, wapishi wakikumbatia masufuria yao, akaliegesha nyuma ya ghala bila kugusa hata jani la ua. Waliokosa maharage ndio waliopiga vigelegele kwanza. Siku ile ile Hasani alikuwa dereva.

*

Mwaka uliofuata tingatinga lilitumwa kupanua barabara upande wa Ruangwa, na dereva akaombewa ruhusa na Bwana Soksi mwenyewe apite Malolo kwa kazi ya nusu siku. Lilisikika kabla halijaonekana. Watu waliacha vinu, waliacha majembe, watoto walitangulia mbele na kuku walikimbilia nyuma ya nyumba. Hasani alikuwa juu, amenyooka, na kando ya njia Mwanawetu alikuwa anapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mzee Abdulatifu alisimama shambani kwake, mikono imefungwa kifuani. "Kisiki kitavunja na hicho chako," akasema.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kitavunja."

Wakakifunga kisiki kwa mnyororo. Mwanawetu akasimama mahali ambapo mumewe angemwona, akainua mkono.

"Geti!"

"Ap aut ofu!" wakaitikia Malolo, mkia mpya wa kutoka ndani na kuja juu, waliofundishwa asubuhi ile. Tingatinga likavuta, likanguruma, mnyororo ukakaza, kisiki hakikujibu.

"Geti!"

"Ap aut ofu!" Udongo ukachanika kidogo pembeni. Moshi ukawa mweusi, na tingatinga likaanza kuteleza. Watu walipungua sauti. Wengine walikwisha kumtazama mzee, kuona kama anacheka.

Hakucheka. Mikono yake ilikuwa imefunguka. Alikitazama kile kitu cheusi kilichomvunjia baba yake majembe, kilichompindishia mistari tangu utoto wake, na mdomo wake ulikuwa unachezacheza.

"Geti!" akatupa Mwanawetu, sauti imebaki nusu.

Na kabla ya mtu mwingine yeyote, sauti moja ya kizee, yenye mikwaruzo, ikadaka:

"Ap aut ofu!"

Malolo nzima ikaipokea. Hasani akaongeza moto. Kitu kikalia ardhini chini kabisa, ardhi ikainuka, na kisiki cha mninga kikatoka na mizizi yake yote, kikaburutwa mpaka pembezoni mwa shamba, kikalala ubavu kwa aibu. Kelele zilizopigwa zilisikika vijiji vya jirani, na wapo waliodhani ni harusi.

Mzee Abdulatifu hakupiga kelele. Aliingia ndani ya shimo, likamfika kiunoni, akaupapasa udongo ambao hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuugusa. Alipotoka watu wakalifukia shimo, naye akachukua majembe mawili, akampa mwanawe moja, akabaki na jingine.

"Shamba lako," akasema. "Anzisha. Leo naitikia mimi."

Hasani akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti haikutoka. Akamgeukia mkewe. Mwanawetu akaanzisha, baba na mwana wakaitikia pamoja, na majembe yakashuka mahali kilipokuwa kisiki, kwa mstari ulionyooka.